Wasomaji Wanauliza: Mashua Yetu Inaingiza Maji

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi na mume wangu tumestaafu, na mwaka huu tulinunua mashua ya mbao ya mita tisa, yenye injini na chumba kidogo cha kulala, ili tuishi humo na kuvizunguka visiwa vya Ssese bila haraka. Ilikuwa imekaa nchi kavu miezi minane. Tuliipaka rangi, tukaishusha ziwani asubuhi, na kufikia jioni maji yalikuwa yamefika kwenye mbao za sakafu. Fundi mmoja anataka kuipandisha tena na kuzijaza nyufa zote; mwingine anacheka tu na kutuambia tungoje. Tumsikilize nani? Na ikipona, tuanzie wapi?
Mama wa Entebbe

JIBU: Marahaba, Mama. Msikilizeni anayecheka, ila msingoje mikono mitupu. Mbao zilizokaa juani muda wote huo zimesinyaa na viungo vyake vimeachana. Zikirudi majini hunywa na kufura, na nyufa nyingi hujifunga zenyewe baada ya siku chache. Fundi anayezishindilia kalafati, yaani pamba ya kuzibia nyufa, zikiwa bado kavu huzinyima mbao nafasi ya kufura, nazo zikifura husukumana hadi misumari ikalegea kwenye mataruma, yaani mbavu za mashua. Basi ifungeni mashua mahali penye kina kifupi, mpeane zamu ya kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, mchana na usiku, na msiitegemee pampu ya betri peke yake.

Ikiwa baada ya juma moja maji bado yanaingia, ikausheni ngama, yaani chini kabisa ndani ya mashua maji yanapokusanyika, kwa matambara, kisha nyunyizeni majivu makavu kwenye viungo kwa ndani. Mtaona mstari mweusi wa majivu yaliyolowa ukishuka kutoka tundu lenyewe, na hapo ndipo pa kutia pamba iliyosokotwa, si kwingine.

Mimi kazi hii niliijulia pwani, ambako maji yakipwa mashua hulala mchangani na fundi akaingia chini yake bila kumlipa mtu. Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, haina kupwa na kujaa kwa kutegemewa, kwa hiyo kila kuipandisha ni magogo na watu wa kuvuta. Mkiipandisha, malizeni kazi zote za chini siku hiyo hiyo. Tazameni pia kipande cha madini kinachofungwa karibu na rafadha, yaani panga linaloisukuma mashua, ili kiliwe na kutu badala yake: cha zinki hufaa baharini, lakini kwenye maji baridi fungeni cha magnesiamu. Funza wa baharini wanaotoboa mbao hamtawaona huku, ila pia hamna chumvi ya kuzuia uozo, na mvua iliyotuama kwenye pembe zisizopata hewa huozesha mashua kuliko ziwa lenyewe. Inueni mbao za sakafu kila asubuhi pasipo mvua.

Kuhusu safari, Ssese ina visiwa 84, na Bugala ndicho kikubwa kuliko vyote. Anzieni huko, kwenye njia ya kivuko cha kutoka Nakiwogo hadi Lutoboka, maana mkikwama hamtakosa wa kuwaona. Ondokeni alfajiri na mtie nanga mapema alasiri. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, pepo za kutoka pande zote hukutana juu ya maji, na dhoruba za radi hupenda kuzuka kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, mkiwa mmelala. Kamba ya nanga iwe walau mara tano ya kina, nanyi msijibanze kwenye mafunjo: magugu maji huziba tundu la maji ya kupozea injini, na penye majani na maji yaliyotulia ndipo wanapokaa konokono wa kichocho. Maji ya kuoga choteni mbali na ufuko, myaweke kwenye pipa siku mbili kabla ya kuyatumia.