Anayemfinya Mtoto Mchanga na Yule Asiyelalamika

Shangazi, shikamoo. Nina watoto watatu: binti wa miaka 10, mvulana wa miaka 4 na mtoto mchanga wa miezi 3. Tangu nijifungue, huyu wa kati amenibadilikia kabisa. Humfinya mdogo wake nikigeuka tu, ameanza tena kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, na juzi alinijia akitaka kunyonya. Baba yao anasema dawa yake ni kiboko. Namshukuru Mungu kwa dada yao, maana bila yeye ningekwama: usiku mtoto akilia, yeye huwa ameshaamka na kushika nepi kabla sijawasha taa. Ila mwalimu wake ameniandikia kwenye daftari kwamba siku hizi anasinzia darasani. Nifanye nini na huyu mvulana? – Mama Watatu

Marahaba, Mama Watatu, na hongera kwa uzazi.

Umeniuliza habari za mtoto mmoja, lakini barua yako imewataja wawili wenye shida, na yule uliyemtaja kwa shukrani ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Nitakujibu kwanza ulichouliza, kisha nitakuomba univumilie nizungumze kwa kirefu juu ya binti yako.

Kuanzia leo, mvulana wako asiachwe peke yake na mtoto mchanga, hata kwa muda mfupi wa kwenda kuanua nguo. Ukitoka chumbani, toka na mmoja wao. Huku si kumwona mwanao kuwa mbaya. Mtoto wa miaka 4 hajui kipimo cha nguvu zake, wala hajui kwamba utosi wa kichanga bado ni laini na kwamba kwa kawaida hautafunga mpaka mtoto apite mwaka mmoja. Uangalizi huo unamkinga yeye pia, kwa sababu mtoto anayekutwa na kosa lilelile kila siku hubandikwa jina la mkorofi, na akilisikia mara nyingi huanza kuishi kama jina linavyomtaka.

Kisha uangalie ni wakati gani hasa anafinya. Nadhani utagundua kwamba mara nyingi ni pale unapomaliza kunyonyesha na kumlaza mtoto, au pale mgeni anapoingia, anampita yeye mlangoni na kwenda moja kwa moja kumwinamia mdogo wake kwa furaha. Kwa miaka 4 alikuwa kitinda mimba wa nyumba hii, na mapaja yako yalikuwa yake. Leo mapaja hayo yana mwenyewe mwingine, tena mara nyingi kwa siku, na kila mara anaambiwa asubiri. Huo ni msiba wa kweli kwa mtoto wa umri wake, na hana maneno ya kuueleza, kwa hiyo unatoka kwenye vidole.

Kabla hujaketi kunyonyesha, mwandalie nafasi ubavuni pako. Tenga vitu vichache vya kuchezea ambavyo hutolewa wakati huo tu na kurudishwa mtoto anaposhiba, au msimulie hadithi huku amekuegemea, maana titi limeshikwa na mtoto lakini mdomo wako na bega lako bado ni huru. Akifinya, mshike mkono na umwambie kwa sauti ya chini lakini thabiti: "Sikuruhusu kumfinya, anaumia." Ukishasema hivyo, msaidie kutaja kilichomo moyoni: "Umekasirika kwa sababu nimembeba yeye muda mrefu." Usimlazimishe kumbusu mdogo wake wala kutamka kwamba anampenda. Akikwambia kwamba mtoto arudishwe alikotoka, mkubalie kwamba ni vigumu kuwa kaka na uendelee kumkumbatia. Anayeruhusiwa kusema hampendi mtu, mkono wake huwa hauna haja kubwa ya kusema.

Kukojoa kitandani na kutaka kunyonya ni mambo yanayoonekana kwa watoto wengi wanaopata mdogo wao. Amemwona mwenzake hajui kutembea, hajui choo, hajui kusema, na bado anabebwa siku nzima. Kwa akili yake, kurudi nyuma ndiyo njia ya kurudishiwa nafasi. Weka kitambaa kisichopitisha maji juu ya godoro, badilisha shuka bila mahubiri, na usilitaje jambo hilo mbele ya watu. Hata hivyo, akilalamika kwamba mkojo unamuuma, akipata homa, au akiwa na kiu na mikojo isiyo ya kawaida hata mchana, mpeleke kwa daktari, kwa sababu hapo kunaweza kuwa na ugonjwa. Kuhusu kunyonya, wapo akina mama wanaomwacha mtoto ajaribu, naye huonja mara moja na kuondoka. Wapo pia wanaomkatalia kwa upole na kumpakata tu. Njia zote mbili ni sawa. Linaloumiza ni kuchekwa.

Kiboko nakikataa, na naomba baba yao asome sentensi hii na inayofuata. Mtoto anayepigwa kwa sababu amempiga mdogo wake hujifunza kwamba mkubwa anaruhusiwa kumuumiza mdogo, tena atahesabu kila maumivu ya kiboko kuwa deni la yule mtoto mchanga, na deni hilo atalidai siku ambayo hakuna anayemwona.

Sasa nije kwa binti yako.

Soma tena ulivyoandika: mtoto akilia, yeye huwa ameshaamka kabla hujawasha taa. Mtoto wa miaka 10 anayelala usingizi wake haamki upesi kuliko mama anayenyonyesha. Anayeamka hivyo analala kwa sikio moja, yuko zamu. Watoto wa umri wake wanahitaji kulala kwa jumla ya saa 9 hadi 12 katika usiku na mchana wake, na wako anaukata usingizi huo vipande vipande, kisha asubuhi anavaa sare na kwenda kukaa darasani kama wenzake waliolala usiku kucha. Kusinzia kwake hakunishangazi hata kidogo, na nakusihi usimkemee kwa jambo hilo.

Pengine hukumwagiza. Naamini hukumwagiza. Mara nyingi mambo huanza kwa jema: mama amechoka, binti anaokota nepi iliyoanguka, mama anashusha pumzi na kusema, "Mungu akubariki, bila wewe ningefanyaje?" Mtoto anayasikia maneno hayo kama yalivyo. Anaelewa kwamba kweli bila yeye mambo yangeharibika, na kwamba mahali pake katika nyumba hii pamo ndani ya kazi anayoifanya. Mdogo wake wa kati anadai kwa kulia na kufinya. Yeye ameamua kutodai chochote, na kwa kuwa hadai, hakuna anayemgeukia. Watoto wa namna hii husifiwa sana na watu wazima, na sifa hizo ndizo zinazowafunga.

Sisemi asisaidie. Kumletea mama maji, kumwimbia mtoto mchana, kukunja nguo ndogo zilizokauka, yote hayo ni malezi mazuri, na humjengea mtoto ustadi na upendo kwa mdogo wake. Tofauti iko hapa: anayesaidia anaweza kusema "leo nimechoka" na dunia ikaendelea, lakini mwenye dhamana hawezi. Binti yako amevuka mpaka huo, na ni wewe na mumeo mnaopaswa kumrudisha upande wa watoto.

Mrudisheni kwa uangalifu, kwa sababu ukimwambia ghafla "kuanzia leo usimguse mtoto usiku" atadhani amekosea, na huenda akaona amenyang'anywa kitu pekee kilichomfanya aonekane. Mketishe wakati mtulivu, baba yake akiwepo, na umwambie maneno kama haya: "Mwanangu, umenisaidia katika siku ngumu, na sitasahau. Usiku sasa ni kazi yangu na ya baba. Ukisikia mtoto analia, geuka upande wa pili ulale, sisi tupo." Kisha mthibitishie kwa vitendo. Kama chumba kinaruhusu, mhamishie kitanda chake mbali na cha mtoto. Usiku wa kwanza na wa pili anaweza kuja vilevile na kusimama mlangoni. Mrudishe kitandani, mfunike, mwambie kila kitu kiko sawa, na usimpe hata nepi ya kushika.

Mchana mwachie kazi moja ambayo ameichagua mwenyewe, yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, na ikiisha awe huru kwenda kucheza, kusoma au kukaa tu bila kuulizwa anafanya nini. Tafuta pia muda, hata kama ni mfupi, wa kuwa naye bila mtoto mikononi. Ukimuuliza kwa kumkazia macho atakujibu kwamba hana neno. Watoto wakubwa huzungumza vizuri zaidi mikono ikiwa na shughuli, mkisukana nywele au mkitembea. Muulize kuhusu marafiki zake na masomo yake, na usimuulize kuhusu wadogo zake. Wana nafasi ya kutosha katika mazungumzo ya nyumba hiyo.

Nikuonye kuhusu jambo moja ambalo huwashangaza wazazi. Baada ya kupumzishwa, huenda binti huyu mtulivu akaanza kununa, kujibu kwa mkato, au kukataa kazi aliyoifanya juzi kwa hiari. Usiseme kwamba ameharibika. Mtoto aliyejizuia kwa miezi mitatu akianza kulalamika, maana yake amepata uhakika kwamba nyumba haitaanguka akilalamika. Mwekee mipaka ya adabu kama kawaida, lakini moyoni mwako lipokee jambo hilo kama habari njema.

Bila shaka utaniuliza nani atakayeshika nafasi yake usiku. Baba yao. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na wa pili haukukusudiwa kuwa wa mtoto wa miaka 10. Kunyonyesha ni kwako, lakini kubadilisha nepi, kumcheulisha mtoto baada ya kushiba, na kutembea naye mpaka atulie ni kazi za yeyote mwenye mikono miwili na subira. Mkubaliane zamu mchana, kabla ya uchovu na hasira za usiku, mathalani yeye ashike saa za mwanzo na wewe za alfajiri. Pia awe na muda wake na huyu mvulana, watoke wawili tu mara kwa mara, kwa sababu mtoto aliyepoteza sehemu ya mama hupona haraka akiongezewa sehemu ya baba. Nasema haya kwa heshima yote kwa mumeo: mtu anayesema dawa ni kiboko ameona kwamba kuna tatizo, na anaweza kuonyeshwa dawa iliyo bora.

Na wewe je? Hukuandika neno hata moja kuhusu hali yako. Uchovu katika miezi hii ni wa kawaida, na kilio cha watoto wengi huanza kupungua kuanzia mwezi wa tatu hadi wa nne, kwa hiyo kipindi kigumu zaidi cha kilio huenda kinakaribia kuisha. Lakini kama kwa zaidi ya wiki 2 umekuwa ukilia bila sababu, huwezi kulala hata mtoto akilala, au huna hamu ya chochote, mweleze mhudumu wa afya unapompeleka mtoto kupimwa uzito. Sononeko la baada ya kujifungua ni ugonjwa unaotibika, na mara nyingine binti huamka usiku kwa sababu amemwona mama yake akizama.

Mwalimu aliyeandika kwenye daftari amekusaidia kuliko anavyojua, na anastahili jibu. Mwandikie kwamba kuna mtoto mchanga nyumbani, kwamba binti alikuwa haupati usingizi wake na sasa mmempumzisha, na umwombe amwangalie kwa wiki 2 zijazo bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Iwapo atakujulisha kwamba bado anasinzia ilhali wewe mwenyewe umethibitisha kwamba analala usiku kucha, mpeleke akapimwe damu, kwa sababu upungufu wa damu nao huleta uchovu wa namna hiyo.

Shangazi yako