Baiskeli ya zamani ya safari: vipimo vya kuangalia kabla hujalipa, na namna ya kuifufua ukiwa Mbeya

Mkuu, umeuliza kama zile baiskeli za safari za miaka ya 70 na 80 zinazokuja na makontena ya mtumba (Raleigh, Peugeot, Dawes na nyingine za gia kumi, usukani umejikunja kama pembe za kondoo) zinafaa kununuliwa, zikafufuliwa na kubeba mizigo huku kwetu, na kama vipuri vyake vinapatikana soko la Mwanjelwa hapa Mbeya. Kwa ufupi: fremu nyingi zinafaa sana. Kinachowakwamisha watu ni vipimo. Enzi hizo Waingereza, Wafaransa na Wataliano kila mmoja alikuwa na thredi zake, kwa hiyo baiskeli mbili zenye sura moja zinaweza zisichangie hata nati. Ukienda kuangalia beba venia (kipimo cha milimita), tochi, uzi wa fundi mwashi na kipande cha sumaku. Rangi na stika ziache kabisa.

Anza na tairi. Ubavuni tafuta namba mbili zenye kistari katikati, mfano 32-630. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu, na hiyo ya pili ndiyo itakayoamua kama utalala njiani. 630 ni inchi 27, saizi ya baiskeli nyingi za safari za Kiingereza na za soko la Marekani za wakati ule. 622 ni 700C. 635 ni 28 x 1½, yaani Phoenix na Avon. 590 ni 26 x 1⅜ ya baiskeli za Kijapani za kikapu, na 559 ni 26 ya baiskeli za gia za kisasa zenye tairi nene.

Muuzaji atakwambia 27 na 28 ni kitu kimoja, tairi la 28 litakaa tu kwenye rimu ya 27. Litakaa, ndiyo, kwa sababu 635 ni kubwa kuliko 630 kwa milimita 5 za kipenyo. Ukijaza upepo litapanda ukingo wa rimu na tyubu itapasuka, na mara nyingi hilo hutokea ukiwa kwenye mwendo. Tyubu ndiyo yenye uvumilivu: ya 700C yenye upana unaokaribiana inaingia kwenye tairi la 27 bila shida.

Kwa hiyo ukipata fremu ya inchi 27 una njia mbili. Ya kwanza, bakiza rimu zake na uagize matairi ya 630 Dar, manne kwa mpigo, maana la akiba hulipati Makambako. Ya pili, na ndiyo ninayoipendelea, hamia 700C. Tofauti ya kipenyo ni milimita 8, kwa hiyo mpira wa breki unatakiwa kushuka milimita 4 tu. Angalia ule mwanya ambamo mpira wa breki unapanda na kushuka: kama kuna nafasi ya milimita 4 chini ya ulipofungwa, umemaliza. Usidanganyike kuweka rimu za Phoenix kwa kuwa zinapatikana kila duka. Rimu ile ilibuniwa kwa breki za fito zinazovuta kutoka upande wa spoku, ubavu wake ni wa mviringo, na breki za kubana pembeni hazina pa kushika.

Hapo hapo hesabu matundu ya rimu. Baiskeli nyingi za Kiingereza za zamani zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Rimu ya 700C yenye matundu 40 ni ya kutafuta kwa tochi, hivyo ukikuta 40 jua habu ya nyuma nayo itabadilishwa. Ukikuta 36 kwa 36, shukuru.

Sasa fremu. Pitisha vidole chini ya bomba la juu na la chini, sentimita chache nyuma ya shingo. Ukihisi kamkunjo au rangi imepasuka mstari kuzunguka bomba, hiyo iligonga kitu kwa mbele, achana nayo hata ukipewa bure. Foki itazame kwa ubavu: mkunjo wake wa kwenda mbele uanzie chini, sehemu ya juu iwe kwenye mstari mmoja na bomba la shingo. Kisha funga uzi kwenye mdomo wa ekseli ya nyuma (pale gurudumu linapofungwa) upande mmoja, uzungushe mbele ya shingo, urudi upande wa pili. Pima kutoka uzi hadi bomba la siti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita 1 au 2 inavumilika. Zaidi ya hapo fundi anaweza kuinyoosha kama ni chuma, lakini bei ishuke. Kutu ya juu juu si ugonjwa. Kutu ya kuogopa iko chini ya kasha la ekseli ya pedeli, kwa sababu maji yanayoingia kwenye bomba la siti yanatuama pale. Gonga kwa bisibisi usikilize. Stika ya Reynolds 531 inamaanisha bomba jepesi la chuma cha manganizi na molibdenamu, na ni jambo jema, ila haiponyi fremu iliyopinda.

Dalili kwamba ni ya safari kweli, na si ya mashindano iliyofungwa keria: vitundu vya bolti kwenye midomo ya ekseli mbele na nyuma (viwili kila upande ni bora), nafasi ya tairi la milimita 32 pamoja na madigadi, na mabomba ya nyuma marefu, sentimita 43 na kuendelea kutoka ekseli ya pedeli hadi ya gurudumu. Yakiwa mafupi, kisigino kitagonga mkoba kila mzunguko.

Jaribu vitu viwili kabla ya kutoa hela: nguzo ya siti na shingo ya usukani. Legeza bolti, zungusha. Visipotikisika, alumini imeshikana na chuma kwa kutu, na kazi ya kuvitoa inaweza kuzidi thamani ya baiskeli. Huu ndio ugonjwa mkubwa kuliko yote na wauzaji wanaufahamu. Dawa yake: ng'oa ekseli ya pedeli, pindua fremu, mimina mafuta ya kupenya kutu kutoka chini ndani ya bomba la siti, acha siku kadhaa ukirudia kumimina. Baadaye bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa na uzungushe fremu nzima iwe ndiyo wenzo. Moto utumie kwa akili. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo ukipasha vyote kwa pamoja nguzo inazidi kubana. Pasha bomba la nje peke yake, au pasha vyote, acha vipoe kabisa, ndipo uzungushe. Wapo wanaomwaga kostiki soda iyeyushe alumini. Inafanya kazi, na inapofusha macho vilevile.

Ikitoka, pima nguzo. 27.2 mm ni ya bomba zuri, 26.8 na 26.4 zipo nyingi, 25.4 ni ya bomba nene la bei rahisi. Usikubali fundi aweke nyembamba kisha ajazie bati la kopo, kwa sababu mdomo wa bomba utapasuka. Ya kurudisha ipake grisi nyingi.

Thredi za kasha la pedeli ndizo zinazotenganisha baiskeli ya kufufua na ya kuweka ukutani. Kiingereza ni inchi 1.37 kwa thredi 24, na kikombe cha kulia (vikombe ndivyo vinavyoshika goroli) kinafunguka kwa kuzungusha kwa mwendo wa saa. Fundi asiyejua hili anakikaza huku akidhani anakifungua, akiongeza bomba kwenye spana mpaka kikombe kinachanika. Kifaransa ni 35 x 1 mm na Kitaliano ni 36 mm kwa thredi 24, na vyote viwili vikombe vya pande zote vinafunguka kinyume na saa. Raleigh za daraja la kawaida kutoka Nottingham zina thredi 26 kwa inchi, za kwao peke yao. Kwa hizi za ajabu ajabu, vikombe vya zamani usivitupe: visafishe, badilisha goroli tu. Peugeot ya zamani huwa na pedeli za 14 mm badala ya inchi 9/16, nayo angalia kabla hujalazimisha pedeli ya dukani ikala thredi za krenki (mkono wa pedeli).

Ukianza kufungua, friweli (rundo la meno ya gia za nyuma) iwe ya kwanza. Ukikata spoku ikiwa bado kwenye habu, huna tena pa kushika na haitoki. Tafuta kifunguo kinacholingana na meno yake, kibane kwenye jiliwa, lalisha gurudumu juu yake na uzungushe rimu kinyume na saa kama usukani wa lori.

Goroli zote ni za kubadilisha, bei yake haifai hata kujadiliwa. Ekseli ya pedeli: robo inchi, 11 kila upande. Habu ya nyuma: robo inchi, 9 kila upande. Habu ya mbele: 3/16, 10 kila upande. Za shingo ni 5/32 au 3/16 kutegemea mtengenezaji, hivyo beba ya zamani dukani. Koni ikiwa na vishimo kwenye njia ya goroli, badilisha, maana itakula mpya. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, jaza grisi. Kama krenki ni za pini, nunua pini baada ya kupima (9.5 au 9.0 mm), na unapogonga egemeza krenki kwenye kipande cha bomba la chuma kilichosimama sakafuni, la sivyo nyundo inazigonga goroli. Baada ya kilomita chache nati ya pini italegea. Ikaze tena. Pini nyingi za madukani ni laini, wengi huona uchungu wa kukaza mara ya pili, na pini inakatika mlimani.

Gia zinahitaji hesabu kidogo. Baiskeli hizi mara nyingi zina sahani za 52 na 42 mbele, na meno 14 hadi 28 nyuma. Gia nyepesi kabisa, 42 kwa 28, inakusogeza mita 3.2 kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Ukiwa na kilo 20 nyuma, kwenye mlima wa kutoka Mbeya kwenda Chunya utashuka na kusukuma. Lengo liwe mita 2 au pungufu. Friweli ya Shimano ya gia 7 yenye meno 14 hadi 34 na sahani tatu mbele, ndogo ikiwa ya 28, vinakupa mita 1.8. Friweli ya 7 inahitaji nafasi ya 126 mm kati ya midomo ya ekseli, na fremu za gia tano nyuma zina 120. Chuma kinakubali kupanuliwa milimita 3 kila upande kwa ubao na subira, halafu rudia kipimo cha uzi. Fremu ya alumini usiiguse. Mkono wa gia wa nyuma nao lazima uwe mrefu wa kumudu meno 34. Vivuta gia vya zamani visivyo na klik vibakize, kwa sababu vinaendesha friweli ya idadi yoyote ya gia. Cheni iwe ya 3/32. Ile ya Phoenix ni 1/8 na haitulii kwenye gia.

Breki zinakuja na onyo kubwa. Sumaku ikinasa kwenye rimu, ni rimu ya chuma. Chuma kilichopakwa kromu kikilowa karibu hakishiki, na ukiteremka kutoka Uyole kuelekea Tukuyu mvua haikuombi ruhusa. Kwa mtu wa Rungwe hilo peke yake ni sababu tosha ya kuhamia rimu za alumini. Mipira ya breki ya miaka 40 imekuwa ngumu kama ukwato, badilisha yote minne, na ifungwe ncha ya mbele itangulie kugusa kwa milimita moja hivi. Waya wa breki uwe wa 1.5 au 1.6 mm, na angalia kichwa chake: breki za usukani uliojikunja zinataka kichwa cha umbo la peasi, si kile cha pipa cha baiskeli za milimani. Kwenye mteremko wa Kitonga usibane breki mfululizo. Bana kwa nguvu, achia, bana, maana rimu ikichemka upepo unapanda na tairi linaweza kuchomoka. Rimu za zamani ambazo ukingo wake hauna ndoano zisizidishwe psi 70.

Tundu la vali: la vali nyembamba ni 6.5 mm. Litoboe liwe 8.5 na ulilainishe kwa tupa, ili tyubu na pampu ya kijiji chochote vikufae.

Spoku za nyuma upande wa friweli ndizo hukatika, na sababu mara nyingi ni kulegea, si uzito. Zikikatika tatu, suka upya zote kwa za 2.0 mm. Gurudumu jipya litalia "tik tik" siku ya kwanza, zile ni spoku zinajipanga. Endesha bila mzigo kilomita 50 hivi, rudi ulinyooshe tena, kisha ndiyo ufunge keria.