Maswali na Majibu: Simu Zinakatika, Nanyi Mnaongeza Megabiti

Ofisi yetu Morogoro inapakua kwa megabiti 20 na kupakia kwa 2. Simu za intaneti zinakatika mchana kutwa. Tununue kifurushi cha 50?

Msinunue kabla ya kupiga hesabu. Simu moja ya kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, pamoja na vichwa vya pakiti, yaani anwani zinazobandikwa kwenye kila kipande cha data, hula takriban kilobiti 80 kwa sekunde kila upande. Simu kumi kwa mpigo hazifikishi megabiti moja. Kinachowaumiza ni yule anayepandisha video ya semina mtandaoni. Pakiti zake za baiti 1,500 zikijipanga 200 kwenye modemu, kwa megabiti 2 sauti iliyo nyuma yake inasubiri sekunde 1.2. Pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ni kuchelewa kusizidi milisekunde 150.

Pimeni kasi halisi ya kupakia, kisha wekeni ukomo kwenye ruta, kama asilimia 90 ya hiyo kasi. Foleni itahamia kwenye ruta yenu, mnakoweza kuamua nani apite kwanza. Sauti itangulie, lakini nayo ipewe kikomo, tuseme theluthi ya laini. Foleni ya kipaumbele isiyo na kikomo huwanyima wengine wote.

Mbona kipimo cha kasi kinaonyesha laini ni nzima?

Nimelijibu hili mara nyingi, na bado mnanitumia picha za kipimo. Megabiti hazikuonyeshi kuchelewa. Endesha ping, amri inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, huku faili kubwa linapanda. Ikiruka kutoka milisekunde 20 hadi 600, umempata mchawi.

Video ya mikutano ikae foleni moja na sauti?

Hapana. Pakiti za sauti ni ndogo na huja kila milisekunde 20 bila kubadilika. Video huja kwa mafungu makubwa, na fungu moja linatosha kuikwamisha sauti. Ipe foleni yake na kiwango cha chini cha uhakika. Filamu za kutazama mtandaoni ziache na data ya kawaida, kwa sababu kichezeshi huhifadhi sekunde kadhaa mbele na kinaweza kuvumilia.

Simu zote nimezipa alama ya DSCP 46, ile namba ya kipaumbele inayoandikwa kwenye pakiti, sioni tofauti.

Alama bila ruta inayoisoma ni namba tu. Na usitegemee ifanye kazi nje ya ofisi: kwenye intaneti ya kawaida watoa huduma wengi huipuuza au huifuta.

Mkurugenzi anataka kompyuta yake ipewe kipaumbele cha kwanza kwa kila kitu.

Mkatalie kwa heshima. Masasisho ya Windows ya bosi yatapita mbele ya simu ya mteja, na lawama utabeba wewe. Kipaumbele hutolewa kwa aina ya mawasiliano, si kwa cheo.

Nyumbani nina ruta ndogo tu. Nifanye haya yote?

Huna haja. Kama inakubali OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, washa SQM, kipengele chake cha kupanga foleni, ukichagua mbinu ya CAKE, jaza kasi zako mbili, ya kupakua na ya kupakia, zikiwa zimepunguzwa kidogo, basi. Na ruta itoe nyuma ya televisheni.