Jeni kuhama bila maabara? Tazama kiazi kitamu

Umeuliza kama jeni (maelekezo ya kurithi yaliyo ndani ya seli) za bakteria zinaweza kuingia kwenye mmea bila mkono wa mtu. Zinaweza, ndugu yangu, na pengine leo umenywea chai ushahidi wenyewe. Utafiti uliotoka 2015 ulipima sampuli 291 za viazi vitamu vinavyolimwa: zote zilikuwa na kipande cha DNA (uzi unaobeba jeni) ya agrobakteria, bakteria wa udongoni anayepenyeza jeni zake kwenye seli za mmea kupitia jeraha. Kwa jamaa wa karibu wa porini wa kiazi kitamu, kipande hicho hakikuonekana. Na kwa kuwa kiazi hupandwa kwa marando, kila rando unalokata na kuchomeka kwenye tuta linabeba jeni hizo. Wakulima wa kale wa Amerika walizieneza bila kujua.