Maswali ya wasomaji: plasta imekwama katikati, siku zilizobaki naziweka wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mi ni msimamizi wa saiti hapa Dodoma, tunajenga zahanati na bosi kanikabidhi ratiba nzima kwenye Microsoft Project, ile programu ya kupangia ratiba za kazi. Plasta ilikuwa siku 10, tukaanza Jumatatu tarehe 14 mwezi wa 7, 2025, ikapigwa siku 4 saruji ikakata, mpaka Ijumaa tarehe 25 hakuna kilichoongezeka. Nikaandika asilimia 40 lakini programu bado inaniambia tailizi zinaanza Jumatatu tarehe 28 kama vile hakuna kilichotokea. Nikabadilisha siku za plasta zikawa 16, sasa asilimia ikashuka yenyewe hadi 25, bosi kaniuliza juzi ulisema 40 leo 25, mbona mnarudi nyuma? Nisaidie.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa hilo la bosi, maana hapo hujadanganya mtu, ni hesabu tu. Ile asilimia ya Project ni ya muda, siyo ya ukuta. Siku 4 kati ya 10 ni 40, siku 4 kati ya 16 ni 25, basi. Na tarehe ya mwisho uliyopata baada ya kuweka 16 ilikuwa Jumatatu tarehe 4 mwezi wa 8, ambayo ni sahihi kabisa, ila ratiba sasa inasema mafundi wamepiga plasta siku 16 mfululizo wakati ukweli ni kwamba walikaa siku 6 wakisubiri saruji. Siku mkija kudaiana fidia ya kuchelewa utaihitaji sana hiyo historia na utakuwa umeifuta mwenyewe.

Kilichotokea ni hivi. Ulipoandika 40 programu ikachukulia siku 4 zimefanyika kuanzia tarehe 14 hadi 17, alafu zile 6 zilizobaki ikaziacha palepale zilipokuwa, yaani kuanzia tarehe 18 hadi 25. Hizo siku zimeshapita! Yenyewe haijui kuwa leo mko wapi mpaka uiambie. Kwa hiyo rudisha plasta iwe siku 10, hakikisha Actual Start (siku kazi ilipoanza kweli) ni tarehe 14 na Actual Duration (siku zilizofanyika kweli) ni siku 4, alafu nenda kwenye menyu ya Project uweke Status Date, yaani tarehe ambayo taarifa yako imefikia, tarehe 25. Baada ya hapo ichague hiyo kazi ya plasta, fungua Update Project, utaona sehemu imeandikwa Reschedule uncompleted work to start after, weka tarehe 25 na chini yake chagua Selected tasks, usikimbilie Entire project. Ukibonyeza OK utaona mstari wa plasta kwenye chati umekatika vipande viwili, kipande kifupi tarehe 14 hadi 17, katikati vidoti vidoti, alafu kipande kingine kinaanza Jumatatu tarehe 28 na kuisha tarehe 4 mwezi wa 8. Tailizi zitasogea zenyewe mpaka tarehe 5 na asilimia yako 40 itabaki 40. Bosi akiangalia pale kwenye vidoti anaona siku za saruji bila hata wewe kuongea.

Kama haukatiki, nenda File, Options, Schedule, uangalie kama Split in-progress tasks imewekewa tiki. Bila hiyo tiki kazi iliyokwisha kuanza haisogei.

Kwa nini nimekukataza Entire project? Kwa sababu kazi ambazo zilitakiwa kuwa zimeanza na hazijaanza, programu itazisukuma mbele na kuzifunga kila moja na sharti la kutoanza kabla ya tarehe hiyo, na hilo sharti linabaki humo hata mambo yakibadilika. Ratiba ya watu nimeikuta imejaa masharti ya namna hiyo, mwenye nayo hajui yametoka wapi, kazi ikiwahi kuisha ile inayofuata inagoma kusogea nyuma.

Sasa kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko vitufe vyote hivyo. Hizo siku 6 umezipata wapi? Umezipata kwa kutoa 4 kwenye 10, siyo kwa fundi. Nenda saiti, simama naye mbele ya ukuta, usimuulize umefika asilimia ngapi maana atakutajia namba ya kukuridhisha, muulize hivi: vyumba gani bado, una vijana wangapi kesho, utanimalizia siku ngapi? Mimi mwenyewe kwenye jengo moja nilikuwa naamini hesabu ya kutoa, kumbe fundi alianza na kuta pana zilizonyooka na zilizobaki zote ni kona, madirisha na korido. Akikwambia siku 8 basi andika 8 kwenye Remaining Duration, yaani siku zilizobaki. Jumla itakuwa 12 na asilimia itashuka hadi 33, mwambie bosi mapema kwa nini. Akitaka asilimia ya ukuta wenyewe ipo safu nyingine inaitwa Physical % Complete, hiyo unajaza kwa mkono na haigusi tarehe.

Na kalenda! Project ikiwa mpya inajua Jumatatu hadi Ijumaa tu. Kama vijana wako wanafanya kazi Jumamosi, ukiiweka kwenye kalenda zile siku 6 zinaisha Jumamosi tarehe 2 badala ya Jumatatu tarehe 4. Nane Nane nayo uiingize mwenyewe, haiji na programu.

SWALI: Salamu kutoka Mombasa. Tunatumia Primavera P6, programu nyingine ya ratiba, kwa barabara. Kujaza kifusi kunangoja kalvati (mifereji ya maji chini ya barabara) ziishe, lakini tulianza kujaza pale kalvati ziko tayari, tumefanya siku 5 kati ya 12. Nikibonyeza F9 ili programu ipange ratiba upya, siku 7 zilizobaki zinaruka hadi kalvati zote ziishe.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hiyo ni setingi ya Retained Logic inafanya kazi yake, inasema ulichoanza mapema sawa ila kilichobaki kingoje. Ukiweka Progress Override zile siku 7 zitarudi kuanzia Data Date, yaani tarehe ambayo taarifa yako imefikia, lakini itapuuza kalvati kabisa, na kama kuna kifusi ambacho kweli hakiwezi kumwagwa kabla kalvati haijakauka utakuwa umeficha ucheleweshaji. Mimi nisingegusa hiyo setingi. Kata kujaza kifusi vipande kufuata kalvati, kila kipande kingoje kalvati yake tu, alafu F9 tena. Mshauri wa mradi akipokea ratiba mpya mwandikie umekata wapi na kwa nini, kabla hajauliza.