Kwa Mwanafunzi Anayepeleka Kamera Jangwani

Mwaka wangu wa kwanza kwenye mradi wa picha za kulinda jangwa nilirudi na mzigo wa picha za udongo uliopasuka na mifupa mikavu. Mwalimu alizitazama moja moja, kisha akaniuliza: "Sasa hapa unataka watu walinde nini?" Sikuwa na jibu.

Chanzo cha kosa langu ni mazoea. Tumekua tukisikia kwamba jangwa linapaswa kupigwa vita. Lakini mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1994 unapambana na kuchakaa kwa ardhi katika maeneo makavu. Jangwa la asili ni jambo jingine kabisa: ni makao ya viumbe waliozoea ukame tangu zama na zama. Ukichanganya hayo mawili, mtazamaji ataondoka akiamini jangwa ni ardhi iliyokufa, na kilichokufa hakuna anayekilinda.

Kwa hiyo tafuta uhai. Katika jangwa la Namib, kusini magharibi mwa Afrika, kuna mbawakawa anayepanda juu ya tuta la mchanga, akainamisha kichwa na kuinua mgongo, ukungu ukamgandia na kugeuka matone yanayoteremka hadi mdomoni. Huko huko umo mmea uitwao welwitschia, wenye majani mawili tu maisha yake yote, na mingine imeishi zaidi ya miaka elfu moja. Picha moja ya viumbe kama hao inatetea jangwa kuliko mafuvu kumi.

Utawaona ukipiga magoti, tena mapema. Jua likiwa bado chini, kila unyayo wa mdudu unapata kivuli chake. Saa sita mchana tuta zima linakuwa bapa kama karatasi. Mchanga mweupe pia huidanganya kamera, ikapunguza mwanga hadi picha ikatoka ya kijivu, basi uongeze mwanga kidogo mwenyewe. Na usibadilishe lenzi penye upepo.

Hili linalofuata ndilo ninalotamani ningeambiwa kabla sijatoka. Sehemu nyingi za jangwa zimefunikwa na ukoko mwembamba, mweusi na wenye vinundu, ambao mgeni huudhani ni uchafu. Ukoko huo ni hai: umejaa bakteria wanaotumia mwanga wa jua na kushikamanisha chembe za udongo kwa nyuzi zao, upepo usizipeperushe. Hatua moja ya kiatu inauvunja, na kupona kwake kunaweza kuchukua miongo. Mimi niliukanyaga nikifuata ua moja zuri. Picha ilitoka vizuri, lakini sikuweza kuitundika, maana nilijua nilichokiharibu ili kuipata. Katika jangwa la Mojave, Marekani, alama za vifaru vya mazoezi ya kijeshi ya mwaka 1942 zinaonekana hadi leo. Pita kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa, kwenye mwamba, au kwenye mkondo mkavu wa maji. Ikiwa huwezi kufika bila kuukanyaga ukoko, iache picha hiyo.

Usihamishe kitu pia. Mwaka 1936 mpigapicha Arthur Rothstein alisogeza fuvu la ng'ombe hatua chache alipokuwa akipiga picha za ukame huko South Dakota, Marekani. Ukame ulikuwa wa kweli, lakini wapinzani wa serikali walilishika fuvu hilo wakadai picha ni za kughushi. Mnaotetea ardhi mtachunguzwa vivyo hivyo.

Ukipiga mmea adimu, futa taarifa za mahali zilizohifadhiwa ndani ya faili ya picha kabla ya kuituma mtandaoni, kwa sababu wako wanaong'oa mimea ya jangwani kwa ajili ya kuuza.

Kwenye maonyesho, picha chache zenye maelezo zinatosha: ni nini, ni lini, nini kinakitishia. Minerva Hoyt, mtetezi wa jangwa wa Marekani, aliipeleka mimea ya jangwa la California kwenye maonyesho ya miji ya mbali, watu wakaiona kwa macho yao, na mwaka 1936 eneo la Joshua Tree likawekwa chini ya ulinzi.

Mwisho, andika mahali uliposimama, saa, lenzi uliyotumia na urefu wa kamera kutoka ardhini. Mkabidhi karatasi hiyo mwanafunzi wa mwaka ujao, asimame pale pale apige tena, ili mabadiliko yaonekane.