Wasomaji Wanauliza: Kuskani virusi bure mtandaoni, tuamini lipi?

Swali: Habari za kazi. Nina steshenari jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Wateja wanaleta flashi kutwa nzima, na antivirusi niliyolipia imeisha muda. Juzi natafuta fomu mtandaoni, ukajifungua ukurasa wenye maandishi mekundu kwamba kompyuta ina virusi 13, nibonyeze iskaniwe bure. Sikubonyeza. Je, kuskani kwa namna hiyo kunaaminika? Na kwa nini kila nikisafisha flashi, kesho mambo yale yale? *Msomaji, Dodoma Makulu*

Jibu: Ulifanya vyema kutobonyeza. Ukurasa ule haukuwa umeskani kitu. Tovuti haina ruhusa ya kujipitishia kwenye diski yako. Brauza huifungia humo humo ndani, na huliona faili lile tu ulilolichagua mwenyewe kulipakia. Majina ya mafaili yanayopita mbio ni michoro tu. Kurasa nyingine za aina hii hudai zimekuta virusi ndani ya C:\Windows hata zikifunguliwa kwenye simu ya Android, ambayo haina folda hiyo.

Ukikutana nao tena, usiguse hata alama ya X iliyo ndani ya ukurasa, maana nayo mara nyingi ni kitufe cha kupakua. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili Task Manager ifunguke, chagua brauza, izime kwa End task. Ukiifungua upya ikakuuliza irudishe kurasa za awali, kataa. Matangazo ya virusi yakiendelea kuchomoza pembeni ya kioo, basi kuna tovuti uliyoiruhusu kukutumia taarifa. Iondoe kwenye mipangilio ya brauza, sehemu ya Notifications.

Sasa zipo za kweli, na ni za bure kweli: ESET Online Scanner, HouseCall ya Trend Micro, na Microsoft Safety Scanner. Zinaitwa za mtandaoni, lakini zote unapakua programu ndogo au kubwa, unaiendesha, inakagua mara moja, basi. Ya Microsoft hupitwa na wakati siku 10 tangu uipakue. Baada ya hapo unapakua nakala mpya, na ni zaidi ya MB 100, kwa hiyo hesabu bando lako. Andika anwani ya kampuni kwa mkono badala ya kubonyeza jibu la kwanza la utafutaji, kwani mara nyingine la kwanza ni tangazo la watu wengine kabisa. Faili likishafika, bofya kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, kisha Digital Signatures. Jina la kampuni lisipokuwepo hapo, lifute.

Kabla ya hizo zote, ondoa kabisa ile antivirusi iliyoisha muda, kisha zima na uwashe kompyuta. Ikibaki imekaa tu, Defender, yaani antivirusi inayokuja na Windows yenyewe, inaweza kuendelea kulala ikidhani zamu ina mwenyewe. Defender ikiamka, iache isasishe orodha yake ya virusi, halafu chagua ukaguzi wa offline. Kompyuta itajizima na kuwaka, na kazi huchukua kama dakika 15. Faida yake ni kwamba Windows yenyewe inakuwa haijapanda, hivyo kirusi hakijapata nafasi ya kujificha. Kama umeme wa mtaani kwenu haueleweki na huna UPS, ngoja umeme utulie kwanza.

Baada ya hapo ndipo ESET au Safety Scanner ifuate kama jicho la pili. Ikikuuliza, chagua karantini (faili hufungiwa pembeni lisiweze kufanya kazi) badala ya kufuta, maana kosa la karantini linarudishika. Na ikitaja HackTool au AutoKMS, hicho mara nyingi ni kile kijiprogramu alichokuwekea fundi ili Office isidai malipo. Wengi huambiwa na fundi wazime antivirusi ndipo kifanye kazi. Sisi tunasema kitolewe: ukishazoea kuzima mlinzi kila akipiga kelele, hutajua siku anapopiga kelele ya haki.

Kuhusu flashi: folda zikigeuka shotikati (njia za mkato, zenye kishale kidogo kwenye alama), usiifungue hata moja, kwa sababu shotikati ile huita kirusi kwanza ndipo ikufungulie folda, nawe unaona kila kitu ni shwari. Programu ya kuskani inaondoa kirusi, lakini mara nyingi hairudishi mafaili yaliyofichwa, na hapo ndipo mteja anapolia kwamba antivirusi imekula ripoti yake ya utafiti. Haijala. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri; itafute kwenye menyu ya Start) na uandike, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ikikataa kugusa System Volume Information, folda ya Windows yenyewe, usijali. Ukirudi kwenye flashi huenda ukaona folda isiyo na jina lolote. Fungua, mafaili yamo humo. Yanakili, kisha futa shotikati zote na faili lolote geni linaloishia na .vbs. Lakini ukisafisha flashi kwenye kompyuta ambayo yenyewe inaumwa, itachafuka kabla hujaichomoa. Ndiyo maana kesho unakuta yale yale. Anza na kompyuta.

Swali: Nafanya kazi ofisini, napokea barua pepe zenye viambatisho. Mwenzangu hupakia kila kiambatisho kwenye VirusTotal, tovuti ya kukagua mafaili, kabla ya kukifungua. Ni salama? *Msomaji, Kongwa*

Jibu: Kwa kutambua virusi, ni huduma nzuri. Ilianzishwa Hispania mwaka 2004, Google wakainunua mwaka 2012, na hupitisha faili lako kwa injini (programu za kutambua virusi) kama 70 za kampuni mbalimbali. Tatizo ni kwamba faili linalopakiwa halibaki kati yako na wao. Hugawiwa kwa kampuni za usalama, na wateja wanaolipia wanaweza kulipakua. Kiambatisho chenye nakala za vitambulisho vya NIDA au orodha ya mishahara hakipaswi kwenda huko, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, swali la nani aliruhusu linaweza kuulizwa rasmi.

Kuna njia ya kuuliza bila kulitoa faili. Lihifadhi bila kulifungua, kisha kwenye Command Prompt andika certutil -hashfile, nafasi, jina la faili pamoja na njia ya folda lilimo, nafasi, SHA256. Utapata mstari wa herufi na tarakimu 64, ambao ni kama alama ya kidole ya faili hilo. Bandika mstari huo kwenye kisanduku cha kutafutia cha VirusTotal. Likiwa linafahamika, matokeo yatatokea. Lisipofahamika, haina maana ni salama. Ni kwamba hakuna aliyewahi kulipeleka, na hiyo ni kawaida kwa barua halali na kwa kirusi kilichotengenezwa jana.

Injini moja au mbili zisizojulikana zikilalamika na nyingine zote kimya, mara nyingi ni kengele ya uongo. Zikiwa 20, mpigie simu aliyetuma, kwa namba unayoijua wewe, si iliyoandikwa kwenye barua ile.

Swali: Antivirusi ya bure, kampuni inapata faida gani? *Msomaji, Manyoni*

Jibu: Nyingi zinakusubiri ununue ile ya kulipia, na hilo halina ubaya. Ila soma ruhusa unazotoa. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast kulipa dola milioni 16.5 kwa sababu taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji ziliuzwa kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Programu yenyewe ilikuwa inakamata virusi vizuri tu. Wakati wa kuisakinisha yoyote, chagua njia ya Custom, ondoa tiki kwenye nyongeza za brauza na kwenye kushiriki data.

Swali: Nitajuaje kama Defender yangu inafanya kazi? *Mwanafunzi, Dodoma*

Jibu: Ingia tovuti ya EICAR, taasisi ya Ulaya ya usalama wa kompyuta, upakue faili lao la majaribio. Ni herufi 68 tu, halidhuru chochote, na antivirusi zote kubwa zimekubaliana kulikamata. Defender ikiwa macho, italizuia au kuliondoa mara moja.